1905 Haimo Ukutani
Wiki hii, katika darasa moja la sekondari hapa Ifakara, nilisoma chati ya mapinduzi yaliyobadili dunia: 1776 Marekani, 1789 Ufaransa, 1917 Urusi. 1905 haimo. Iliniuma, maana Agosti ya mwaka huo, katika vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, Wambunga, watu wa huku kwetu, waliivamia kambi ya askari wa Wajerumani papa hapa, kisha wakaliendea boma la Mahenge, walikopokewa kwa bunduki za rashasha. Nimekua nikisikia wazee wakiitaja njaa iliyofuata. Wanahistoria wanakadiria kuwa vita vya Maji Maji viliua watu kati ya 75,000 na 300,000. Wapiganaji wake walishindwa, ndiyo, lakini mbegu haioti isipozikwa. Mwaka 1956, Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa, New York, kuudai uhuru wa Tanganyika, aliwakumbusha wajumbe vita hivyo: watu hawa hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Kumfundisha mtoto wa Kilombero kwamba uhuru ni wazo lililotoka ng'ambo ni kumnyang'anya babu zake. Walimu wetu, Mto Kilombero sasa una daraja; wavusheni wanafunzi, wapelekeni Mahenge, muwasimulie mkiwa palepale babu zao walipoanguka.