Kabla ya Kukata Mshahara, Fungua Chujio



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba mnivumilie niwapeleke nyuma ya nyumba ya parokia, katika chumba cha kufulia. Huko ndiko lilikotokea jambo lililoniachia deni, nami nimeona ni vema nililipe hadharani.

Jumatatu asubuhi, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alinijia ofisini, mikono yake ikiwa bado imelowa. "Shikamoo Baba. Mashine imegoma. Maji hayatoki, na nguo haikamui." Nilikwenda kutazama. Mashuka ya wageni na kanzu za watumikiaji zilikuwa zikielea ndani ya maji ya kijivu, mlango umejifunga, na taa moja ndogo inawaka na kuzimika.

Nilimpigia simu fundi mmoja. Bila kuiona mashine alinieleza kwamba pampu imekufa, akataja bei iliyokaribia mshahara wa mwezi mzima wa dada huyo. Mzee mmoja aliyekuwa ofisini kwa shughuli nyingine akaniambia kwa upole: "Baba Paroko, mashine hiyo anaitumia yeye peke yake. Akatwe kidogo kidogo, atajifunza kuwa mwangalifu." Sikumkatalia. Nilimjibu kwamba nitalifikiria. Dada alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia yote mawili: shauri la mzee na jibu langu.

Alasiri nilipata muda wa kukisoma kijitabu cha maelekezo, ambacho kwa miaka mitatu kilikuwa kimelala kabatini. Nilichomoa plagi, nikafungua kifuniko kidogo kilicho chini upande wa mbele wa mashine, nikalizungusha chujio. Ndani yake nilikuta sarafu ya shilingi 200, mbegu nne za chungwa, nyuzi zilizojisokota kama kamba, na kifuniko cha kalamu ya wino. Mbegu za chungwa hapa Muheza zinaweza kutoka katika mfuko wa mtu yeyote. Lakini kalamu za aina ile katika nyumba yetu ninazo mimi peke yangu.

Ndipo nilipofikia maoni ninayotaka kuyatetea leo: si haki kumtoza mtu, wala kumlaumu, kwa sababu ya mashine isiyotoa maji au isiyokamua, kabla mwenye nyumba hajaichunguza kwa mikono yake mwenyewe. Na uchunguzi huo wa kwanza hauhitaji elimu ya ufundi. Unahitaji beseni, kitambaa na muda usiozidi nusu saa.

Kwanza tuelewe jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Wengi wetu tunadhani kutotoa maji na kutokamua ni magonjwa mawili. Mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Mashine ina kifaa kinachopima kina cha maji ndani ya pipa lake. Kifaa hicho kikionyesha kwamba maji bado yamo, mashine hukataa kukamua, kwa sababu kulizungusha kwa kasi pipa lililojaa maji kungeweza kuiharibu. Kwa sababu hiyo hiyo mlango hubaki umefungwa. Kumbe mashine inayogoma kukamua huenda inajilinda, na anayeiona imegoma akasema "injini imekufa" ameshika dalili akaacha chanzo.

Basi, chanzo kitafutwe kwa utaratibu. Kwa mashine yenye mlango wa mbele, chomoa plagi kwanza, na kama maji ni ya moto, subiri yapoe. Weka beseni la kina kifupi chini ya chujio na vitambaa pembeni, maana maji yatakuwa mengi kuliko unavyotazamia. Kama kuna mpira mdogo karibu na chujio, tumia huo kwanza kuyapunguza maji. Kisha legeza chujio polepole, kaza beseni linapojaa, mwaga, legeza tena. Likishatoka, lisafishe, na umulike kwa tochi ndani ya tundu lake. Utaona panga dogo la pampu, mfano wa panga la feni. Lisukume kwa kijiti. Likizunguka kwa kurukaruka usiogope, pampu nyingi ndivyo zilivyo. Likiwa limenaswa na uzi au pini, litoe lililonasa. Rudisha chujio na ulikaze vizuri, la sivyo sakafu itakuwa ziwa.

Chujio likiwa safi, tazama mpira wa kutolea maji, kuanzia nyuma ya mashine hadi mwisho wake. Je, umekunjika au kubanwa na ukuta? Mwisho wake je, uko juu mno? Hapa tuna tabia moja inayotokana na kuithamini kwetu maji: tunayakinga maji ya suuza ili tuyatumie chooni au kupigia deki. Ni tabia njema, nami siipingi. Lakini mpira ukiinuliwa hadi mdomo wa pipa refu, pampu hushindwa kuyapandisha maji. Vijitabu vingi huagiza mwisho wa mpira uwe kati ya sentimeta 60 na 100 kutoka sakafuni. Cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa hiyo tumia ndoo au pipa fupi, na usiuzamishe mwisho wa mpira ndani ya maji.

Mashine za mapipa mawili, ambazo ni nyingi katika nyumba zetu, zina desturi tofauti. Nyingi kati ya hizo hazina pampu kabisa. Maji hutoka kwa kuteremka yenyewe. Mpira wake ni lazima ulazwe chini, na ukiuinua hata kidogo maji hayatoki. Pipa lake la kukamulia nalo halizunguki kama kifuniko hakijafungwa sawasawa. Nimesikia mashine ya namna hiyo ikitangazwa kuwa imekufa, kumbe kifuniko kilikuwa wazi kwa upana wa kidole.

Yako mambo mengine mawili ambayo huifanya mashine nzima ionekane mbovu. La kwanza ni povu. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, na katika mashine yenye mlango wa mbele povu hilo hujaa ndani ya pipa na kuizuia pampu kuvuta maji. Tumia sabuni ya mashine, na kwa kipimo. La pili ni mzigo usio na uwiano. Ukiweka blanketi moja zito peke yake, hulowa na kulala upande mmoja. Mashine hujaribu kuligeuza mara kadhaa, kisha huacha kukamua ili isitikisike hadi kuvunjika. Fungua, ligawanye upya, ongeza taulo mbili, ujaribu tena.

Aidha, tukumbuke umeme. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Ukiwa mdogo sana, kama inavyotokea nyakati za jioni katika baadhi ya mitaa, pampu inaweza kuunguruma tu bila kusukuma maji. Na wale wanaonunua mashine zilizokwisha kutumika Japani wajue kwamba huko umeme wa nyumbani ni wa volti 100, hivyo mashine hizo huhitaji transfoma inayolingana na nguvu zake. Mashine iliyounguzwa kwa kuchomekwa moja kwa moja ukutani haikuunguzwa na msichana wa kazi. Iliunguzwa na aliyeinunua bila kusoma kibandiko cha nyuma.

Je, mafundi hawana kazi tena? Wanayo, na ni ya heshima. Pampu isiyo na kizuizi lakini haitoi sauti yoyote, mkanda uliokatika, kaboni za mota zilizokwisha, beringi zinazolia kama jiwe la kusagia, harufu ya kuungua: hayo yote ni ya fundi. Mota inayounguruma bila kuzunguka huenda ina kapasita mbovu, na kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, asiyejua asiiguse. Ninachoomba ni kwamba fundi aje, aione mashine, aonyeshe kilichoharibika, ndipo ataje bei. Daktari asiyempima mgonjwa hatumwamini. Kwa nini tumwamini fundi wa kwenye simu?

Sasa nirudi kwenye mshahara, maana hapo ndipo penye uzito. Wapo watakaosema: "Baba, lakini wengine ni wazembe kweli." Sikatai. Mtu aweza kuonywa mara tatu kuhusu jambo moja na bado akalirudia. Lakini hata hapo tuna sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara kwa kujiamulia tu. Inataka mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo ni ya viwandani na maofisini. Dada anayefua nguo zetu naye ni mfanyakazi. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 unaohusu wafanyakazi wa majumbani, kwa kuwa ulimwengu mzima ulikuwa na mazoea ya kuwasahau.

Tena tujiulize: huyu tunayemwita mzembe alifundishwa na nani? Kijitabu cha mashine yetu kimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Dada yetu anasoma Kiswahili vizuri sana. Mimi niliyesoma seminarini miaka mingi, na ninayekisoma Kiingereza, sikuwahi kukifungua. Ujinga uliotugharimu ulikuwa wangu, na malipo nilikuwa karibu kuyatoa katika mfuko wake.

Jumanne asubuhi nilimwita, nikamwita na yule mzee, nikaweka mezani sarafu, mbegu, nyuzi na kifuniko cha kalamu. Nilimwomba dada msamaha mbele ya mzee, kwa kuwa mbele ya mzee ndipo nilipomkosea. Aliangalia chini, akasema, "Hamna shida, Baba." Mzee naye alikohoa, akasema kwamba mbegu huenda ni za wajukuu wake, maana kanzu za watumikiaji zinafuliwa humo humo. Tulicheka sote watatu, ingawa yeye dada alichelewa kidogo kucheka. Sikumlaumu kwa kuchelewa huko.

Tumekubaliana mambo matatu. Kila mwenye nguo aikague mifuko yake mwenyewe kabla ya kuiweka kapuni, nami nikiwa wa kwanza. Chujio lisafishwe kila mwezi, na kazi hiyo tutapokezana. Na maelekezo muhimu nimeyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, yamebandikwa ukutani juu ya mashine. Dada ameyasoma, akanisahihisha mahali pamoja: nilisahau kuandika kwamba plagi ichomolewe kwanza.

Basi, wapendwa, mashine yako ikigoma juma hili, chukua beseni uiname. Utakachokikuta humo ndani huenda ni chako.

Nawatakia juma jema.

Paroko wenu,
Muheza