Mkoa Si Dawa ya Mipango ya Ardhi

Mwandishi aliyetaka sheria mpya impe mkuu wa mkoa mamlaka ya kupanga ardhi, kwa kuwa "vijiji vinapanga kila kimoja kivyake", ameona ugonjwa akakosea dawa.

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Kweli, mpango wa kimoja hukoma mpakani, ng'ombe hawakomi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji kupatana kuhusu matumizi ya pamoja ya ardhi, mikutano mikuu yao ikiridhia. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto vilifanya hivyo, vikatenga malisho yao na kuyaita OLENGAPA. Hakuna mkuu wa mkoa aliyevigawia.

Tena, mkoa wenyewe ni mpaka wa utawala tu. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji Usangu, Mbeya, kisha hupita Iringa hadi bwawa la Mtera. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi, na mashamba ya mpunga ya juu ya mto yametajwa sana miongoni mwa sababu. Mpango wa Iringa pekee ungemfunga nani? Si mkulima wa Mbarali, huko juu Mbeya!

Kama tunatunga sheria, ifuate bonde la mto na njia za mifugo, ilazimishe wilaya jirani kuketi pamoja, na itenge fedha za upimaji na usuluhishi. Idhini ya mkutano mkuu wa kijiji isiguswe. Wabunge waanzie hapo.