MHASIBU HAWEZI KUWA MFANYAKAZI

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyakazi wenzetu wa Machakos mjini, Athi River, Mlolongo na Kangundo,

Tunalo jambo la kuwaambia. Tunaomba mlisome mpaka mwisho, kisha mmsomee na mwenzenu ambaye hakupata nakala.

Mwaka jana, katika kiwanda kimoja cha huku kwetu, ambacho jina lake tunaliacha, bomba la mvuke lilipasuka zamu ya usiku. Watu watatu waliungua. Hakufa mtu. Lakini kabla gari la wagonjwa halijafika langoni, simu zilikuwa zimekwisha kutangaza kwamba waliokufa ni 40. Ikatumwa na picha ya moto mkubwa, ambao haukuwa wetu wala wa nchi hii. Mama mmoja wa Mwala alipanda pikipiki usiku ule ule, akafika langoni alfajiri akilia, akamkuta mwanawe mzima, ameshika kikombe cha chai. Kampuni nayo ilikaa kimya hadi saa nne ya asubuhi, ndipo ikaandika mistari miwili kwenye Facebook kwamba hali ni shwari. Na mwenzetu mmoja aliyewajibu jamaa za majeruhi kwa WhatsApp, akawaeleza kweli tupu, alipewa barua ya onyo, ati ametoa siri ya kampuni.

Sasa sikieni yaliyofuata. Baada ya miezi miwili mabwana wakubwa walikwenda hotelini siku mbili, pamoja na mtaalamu wa kukodiwa, kufanya zoezi la kuigiza maafa. Walikuwa wanajifunza jinsi ya kusema na watu kwenye mitandao ya kijamii siku ya hatari. Mmoja alifanywa mwandishi wa habari, mwingine polisi, mwingine mama anayemtafuta mtoto wake. Na aliyeigiza "mfanyakazi mwenye hasira" alikuwa mhasibu! Twayajua haya kwa sababu waliowapikia na kuwapakulia chakula ni ndugu zetu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhasibu anajua nini juu ya zamu ya usiku? Anajua ni mlango upi hutiwa kufuli saa mbili ya usiku? Anajua kwamba simu zetu hukusanywa langoni, hata mtu akiungua hawezi kumwita mkewe? Kama hayajui hayo, basi alichoigiza si mfanyakazi. Aliigiza vile tajiri anavyomwona mfanyakazi: mtu wa kelele, wa kutulizwa kwa maneno matamu.

Msituelewe vibaya. Hatuyapingi mazoezi ya namna hii. Twayataka sana. Twakataa kuachwa nje.

Tazameni yaliyotokea Westgate, Nairobi, mwezi wa Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa. Serikali ilitangaza kwenye Twitter kwamba imelishika jengo lote, na kesho yake milio ya risasi ilikuwa bado inasikika humo. Watu waliokuwa na jamaa zao ndani wamwamini nani? Neno la kwanza likiwa si kweli, la pili halisikilizwi, hata likiwa kweli. Ndiyo maana haifai kungoja siku ya msiba ndipo tuanze kujifunza kusema.

Lakini zoezi baya nalo huua. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la kuigiza shambulio la magaidi. Milio ya risasi ilisikika, na wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Walikuwa hawajasahau kwamba mwezi wa Aprili mwaka ule ule watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Basi wakaruka kutoka madirishani na ghorofani. Makumi ya watu waliumia, na mfanyakazi mmoja wa chuo akafa. Angalieni vizuri, ndugu: risasi hazikumlenga mtu. Aliyeuawa aliuawa na habari iliyokosekana. Chuo kiliomba radhi na kuahidi kulipa gharama za matibabu, lakini radhi haifufui.

Na sisi watu wa Machakos tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Kwa hiyo mtu akituletea maneno mazuri ya kuandika kwenye simu siku ya moto, tutamwuliza kwanza: mlango uko wazi? Tangazo zuri juu ya mlango uliofungwa ni uongo.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Kanuni za moto za mwaka ule ule zataka zoezi la moto lifanywe angalau mara moja kila mwaka. Sheria hiyo pia yamtaka mfanyakazi atoe taarifa akiona hatari kubwa. Yule mwenzetu wa barua ya onyo alikuwa amelalamika juu ya lile bomba mara mbili kabla halijapasuka. Nani alistahili onyo?

Sasa tujikosoe na sisi, maana nyani haoni kundule. Ile habari ya maiti 40 ilipita katika kikundi cha WhatsApp cha chama chetu wenyewe. Mjumbe wetu mmoja ndiye aliyeisambaza, bila kumwuliza hata mtu mmoja aliyekuwa zamuni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu, na kidole kilitangulia akili. Lakini mama wa Mwala alilia kwa sababu yetu, si kwa sababu ya tajiri. Hili tunalikubali mbele yenu.

Kwa hiyo halmashauri imeamua tuanze mazoezi yetu wenyewe, tusingoje hoteli. Hayana gharama. Watu kumi na wawili wakae chumba kimoja, na simu zao ziwe katika kikundi kilichofungwa, kisicho na mtu wa nje. Kiongozi awe na saa na vikaratasi kumi, amevificha. Kila dakika tano atoe kimoja: "Kuna moto ghalani." "Mwandishi wa habari anapiga simu." "Picha imeenea, haijulikani ilikotoka." "Ndugu wa majeruhi anauliza kama mtu wake yu hai." Kila mmoja ajibu kwa simu kama vile angejibu siku yenyewe. Mwisho tusome majibu yote kwa sauti, tuulize: hili tulilijuaje? Nani alilithibitisha? Lingemfikia mzazi, lingemfanya nini? Hapo ndipo mtu hujifunza, kwa kuona kosa lake likiwa halijamwumiza mtu.

Na kwa waajiri, madai yetu ni haya:

1. Zoezi lolote la maafa lisifanywe bila wajumbe wa wafanyakazi, wa zamu ya mchana na ya usiku. Mfanyakazi aigizwe na mfanyakazi.

2. Lisifanywe kwa kuvizia. Wafanyakazi, majirani, polisi na hospitali waarifiwe mapema, na kila ujumbe wa simu uanze na neno ZOEZI.

3. Majina ya walioumia yafikishwe kwa jamaa zao kwanza, na mtu aliyechaguliwa kwa kazi hiyo. Habari ya kwanza itoke upesi, iwe fupi na ya kweli, nasi tuipate wakati mmoja na magazeti.

4. Mfanyakazi yeyote asiadhibiwe kwa kutaja hatari, wala kwa kumwambia mzazi ukweli juu ya mwanawe. Na ile barua ya onyo ifutwe.

Wako watakaosema kwamba maneno ya simu ni kazi ya wasomi, na sisi tushike nyundo. Tuwakumbushe mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wa Wakamba kwa amri ya kupunguza mifugo, watu wa Machakos walikwenda Nairobi kwa wingi, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Hawakuwa na simu wala mtaalamu wa kukodiwa. Walikuwa na neno moja walilopatana kabla hawajaondoka, nalo kila mmoja aliyeulizwa alilisema lile lile: ng'ombe wetu warudishwe. Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuiacha amri yake.

Neno walilopatana kabla hawajaondoka, ndugu! Hilo ndilo zoezi. Leo kila mmoja wetu ana simu mfukoni yenye kufika mbali kuliko sauti ya Mbingu, lakini neno la kusema hatujapatana. Tupatane sasa, bomba likiwa bado zima.

Zoezi la kwanza litafanywa baada ya mkutano wa Jumapili. Njoni na simu zenu. Wa zamu ya usiku waje kwanza, hata kama macho yana usingizi, maana bomba lilipasuka usiku.

Tahadhari kabla ya hatari. Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu wa halmashauri.