Mtoto wa Mkimbizi na Lugha ya Hospitali

Watu husema kwamba Uganda ni nchi karimu, nao hawasemi uongo. Wakimbizi waliomo nchini mwetu ni zaidi ya milioni moja na nusu, wala hapana nchi nyingine ya Afrika yenye wengi kama hao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yawapa ruhusa ya kufanya kazi na kukaa hata mjini. Tena, katika vituo vya afya vya Serikali ada ziliondolewa tangu mwaka 2001, na mkimbizi hutibiwa humo pamoja na mwananchi. Lakini kumfungulia mgeni mlango ni jambo moja, na kumsikiliza haja yake ni jambo jingine. Haya ya pili ndiyo nitakayo kuyasema.

Tumfikirie mtoto aliyetoka Kivu, upande wa mashariki ya Kongo. Akipita mpaka wa Bunagana, hupelekwa kambi ya mapokezi ya Nyakabande, karibu na Kisoro. Huko watoto hupimwa mkono kwa utepe wa rangi. Mkono wa mtoto mdogo ukiwa chini ya sentimeta 11.5, yajulikana kwamba njaa imemdhuru sana. Huchanjwa surua na kupewa matone ya polio. Lakini mtoto ambaye mama yake alipanda basi moja kwa moja mpaka Kampala hakupita huko. Afika Katwe, Nsambya au Makindye bila kadi ya chanjo, wala hapana amjuaye.

Siku akishikwa na homa, mama humbeba mpaka kituo cha afya. Mwuguzi ajua Kiganda na Kiingereza. Mama ajua Kiswahili na lugha ya kwao. Je, homa ilianza lini? Mtoto ametapika mara ngapi? Choo chake kina damu? Maswali haya ni mepesi, lakini bila majibu yake hata daktari hodari hubahatisha tu. Mara nyingi mkalimani huwa mtoto mkubwa wa mama huyo, aliyeokota Kiganda kwa kucheza mtaani. Mtoto wa miaka kumi aweza kugeuza “kidonge kimoja mara mbili” kuwa “vidonge viwili mara moja”. Tena yako mambo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe.

Wengine watasema, “Dawa hazitutoshi sisi wenyewe, mbona tuwaongezee wageni?” Neno hili si la kupuuzwa, maana foleni ni ndefu kweli, na dawa huisha kweli. Lakini surua haiulizi mtu cheti cha uraia. Ili ugonjwa huo usienee, wataalamu hutaka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Mtoto mmoja asiyechanjwa katika nyumba za kubanana za Katwe ni hatari kwa jirani yake Mganda. Wazee walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Katika habari ya chanjo, methali hiyo ni kweli tupu.

Tena tusisahau ya nyuma. Mwaka 1942 Uganda iliwapokea Wapolandi waliokimbia vita, wanawake na watoto wengi, wakakaa Nyabyeya na Koja. Na sisi pia tumekuwa wageni wa watu. Baada ya vita vya mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na watoto wao wakalelewa ugenini. Asiyejua kesho yake asimdharau mkimbizi.

Basi yafaa kufanywa nini? Kwanza, kila kituo cha afya katika mitaa yenye wakimbizi wengi kiwe na mkalimani mwenye mshahara. Hatatafutwa mbali, kwani miongoni mwa wakimbizi wenyewe wamo watu walioelimika, waliokwisha kujifunza Kiganda, nao wanatafuta kazi. Pili, mtoto asiye na kadi ahesabiwe kuwa hajachanjwa, achanjwe siku hiyo hiyo. Kuchanjwa surua tena hakumdhuru. Kukosa kwaweza kumwua. Haya ni ya haraka zaidi tangu mwaka 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipowakatia chakula wakimbizi wapatao milioni moja wa nchi hii kwa kukosa fedha. Mtoto mwenye njaa hushindwa upesi na ugonjwa.

Tatu ni letu sisi. Wako wanafunzi wanaokicheka Kiswahili na kukiita lugha ya askari na wezi. Kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba tangu mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mimi siwaombi mkipende kwa sababu ya Katiba. Kipendeni kwa sababu yuko mama Nsambya ambaye hana lugha nyingine ya kusema kwamba mwanawe hapumui vizuri.

Sisemi wanafunzi tukavae makoti meupe. Nasema tuandike karatasi moja ya maswali thelathini ya hospitali, kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, tuipeleke kwa madaktari waisahihishe. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mlio madaktari na wauguzi leo, isomeni karatasi hiyo na kuibandika ukutani pale mnapofanya kazi. Gharama yake ni wino na karatasi. Mwalimu wetu wa Kiswahili akikubali, tuianze muhula huu.