Shaba inapita, Likasi inabaki na vumbi: mutuonyeshe karatasi

Kwa bandugu vijana wa komine zetu nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na kwa wote wenye kutusoma toka Lubumbashi, Kolwezi na kwingine.

Simama usiku pembeni ya barabara kubwa ile inatoka Kolwezi. Hesabu makamio. Utachoka wewe, yenyewe hayataisha. Yanabeba shaba na kobalti, yanapita kwetu, yanashuka Lubumbashi, yanavuka Kasumbalesa, na toka pale yanaenda baharini: Dar es Salaam, Durban. Asubuhi tunabaki na mashimo ya barabara na mama mwenye kufagia vumbi mbele ya mlango wake.

Siku hizi wakubwa wanatuimbia wimbo mpya: Lobito. Reli itafufuka, shaba itafika bandarini Angola haraka, na sisi tutapata maendeleo. Tangu 2023 reli ya upande wa Angola iko mikononi mwa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kwa miaka 30. Mwezi wa kumi na mbili 2024, Rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Lobito yeye mwenyewe. Sawa. Hatupingi reli. Bora shaba ipande treni kuliko makamio kuendelea kuvunja barabara yetu.

Lakini wimbo ule si mpya. Reli ya Benguela iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931. Wakati ule mji wetu uliitwa Jadotville, jina la Mbelgiji Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière. Shaba ya Katanga ilishuka Lobito kwa zaidi ya miaka 40, mpaka vita ya Angola ilipokata njia mwaka 1975. Lobito ilijenga bandari na maghala yake. Likasi ilibaki na nini? Kubadilisha njia ya kutokea hakubadilishi hesabu ya nyumbani. Na hesabu ya nyumbani ndiyo tunataka kuongea leo.

Watu wakitaja Likasi, wanataja majina makubwa: Gécamines na viwanda vya Shituru na Panda, Shituru Mining, SNCC, AFRIDEX ya baruti, na mabwawa ya Koni na Mwadingusha kwenye mto Lufira. Ni majina ya kujivunia, ndiyo. Lakini uliza: maamuzi yanachukuliwa wapi? Makuta yanalala benki gani? Jibu ni Lubumbashi, Kinshasa, ama mbali zaidi. Sisi tuko na bomba la moshi, wengine wako na sanduku la makuta. Angalia Mwadingusha: mashine zake zilitengenezwa upya kwa makuta ya mgodi wa Kamoa-Kakula, zikarudi kazini 2021, megawati 78. Umeme unaenda kwenye migodi. Kikula bado tunanunua mishumaa.

Wazee wetu watasema: zamani Gécamines ilitulisha, ilitusomesha, ilitutibu. Ni kweli. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha ikaanguka, na mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa. Waliuita ule mpango « kuondoka kwa kupenda ». Muulize baba yako kama alipenda. Sisi hatulilie mgao wa unga wa zamani. Kampuni kulea mji kama mtoto, hapana. Tunataka haki ambayo iko ndani ya sheria, si zawadi ya mkubwa.

Na sheria iko. Sheria ya Madini ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema hivi: kila mwenye kuchimba shaba analipa redevansi ya 3.5 kwa mia. Kwa kobalti, ambayo serikali iliiweka kati ya madini ya kimkakati, ni 10 kwa mia. Yale makuta yanagawanywa: 50 kwa mia serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia provinsi, 10 kwa mia mfuko wa vizazi vya kesho, na 15 kwa mia kwa komine, sekta ama sheferi ile ambapo madini yanachimbwa. Ile 15 haipiti Kinshasa. Kampuni inalipa moja kwa moja kwenye konti ya wenyeji. Tena, pembeni ya redevansi, kila kampuni inatoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi.

Tupige hesabu ya mfano. Kampuni imeuza shaba ya dola milioni 100. Redevansi ni dola milioni 3.5. Sehemu ya wenyeji, 15 kwa mia, ni dola 525,000. Weka na ile 0.3 kwa mia: dola 300,000 zingine. Jumla dola 825,000, kwa kampuni moja tu. Na mwaka 2024 inchi yetu ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba, ya pili duniani nyuma ya Chile. Fikiri visima vingapi, madarasa mangapi, taa ngapi za barabara.

Sasa swali letu ni dogo sana: Likasi imepokea ngapi?

Tunajua majibu yatakayokuja, tuyajibu mbele.

La kwanza: « Migodi iko Kambove, hapa Likasi ni viwanda tu, kaulizeni kule. » Sawa, inawezekana. Basi andikeni: tumepokea sifuri. Hata sifuri ni jibu. Mubandike ile sifuri ukutani, tuisome, kisha sisi na bandugu zetu wa Kambove tuulize pamoja juu ya nini mji wenye kuvuta moshi wa asidi haupate hata kitu.

La pili: « Hizi ni hesabu za ofisi, si mambo ya watoto. » Inchi yetu ni mwanachama wa ITIE, mpango wa kimataifa ambao makampuni yanatangaza kile yamelipa na serikali inatangaza kile imepokea. Kama Kinshasa inaweza kutangaza mamilioni, ofisi ya komine inashindwa namna gani kutangaza ukurasa mmoja?

La tatu: « Mngojee uchaguzi. » Uchaguzi gani? Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, madiwani wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya provinsi tu. Lubumbashi walipiga kura ile. Likasi, hapana. Meya wetu aliteuliwa. Kwa hiyo hatuna diwani hata mmoja tuliyemchagua wa kuuliza swali hili kwa jina letu. Ndiyo maana tunauliza sisi wenyewe.

Tunaomba mambo matatu.

Moja: meya na wakubwa wa komine zote nne wabandike mlangoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, makuta yote ya redevansi yaliyoingia tangu 2018, mwaka kwa mwaka, kampuni kwa kampuni, na kile yalifanya.

Mbili: kila kampuni ya madini yenye kufanya kazi Likasi ama karibu yake itangaze 0.3 kwa mia yake: ngapi, kwa nani, kwa kazi gani. Mukiwa safi, karatasi itawatetea.

Tatu: mbele ya kusaini kitu chochote juu ya reli ya Lobito kupitia kwetu, serikali ije ituambie hapa Likasi, kwa mdomo na kwa maandishi, kazi ngapi zitabaki hapa na karakana gani zitafunguliwa.

Kwako ndugu, dada, unayesoma hii kwenye simu yako: kazi yako haiishie kwenye kusambaza. Nenda komine yako na wenzako watatu. Andikeni barua, mwombe iwekwe muhuri wa kupokelewa, mpige picha. Bila jiwe, bila kuchoma tairi. Swali moja, kwa sauti moja. Wakikuuliza nani amekutuma, sema: nimetumwa na sheria.

Shaba ikishatoka ndani ya udongo, hairudi. Babu zetu waliiona ikienda, baba zetu waliiona ikienda. Siye tutaihesabu.

Sisi, vijana wa Likasi