Paa la nyasi likichoka, usikimbilie bati



Mpunga umeshavunwa, wa muhogo wanaanika makopa, na wenzetu wa kahawa kule juu Mbinga wameanza kupeleka mzigo AMCOS. Pesa kidogo inaonekana mkononi. Swali ninaloulizwa zaidi msimu huu halihusu mbolea wala dawa. Ni hili: "Afisa, paa langu la nyasi limechoka, nilitoe niweke bati?" Wengi wanaouliza wameshaamua. Wanachotaka ni mtu wa serikali aseme ndiyo, waende dukani roho ikiwa imetulia.

Kwa wengi wenu jibu langu ni: mwaka huu hapana. Najua wapo wenzangu ambao hawatafurahi kulisikia, kwa sababu nyumba za bati zinapendeza kwenye taarifa. Lakini taarifa hailali ndani ya nyumba hiyo mwezi wa kumi na moja. Wewe ndiye unayelala.

Tuanze na paa lenyewe, maana watu wanalihesabu kama kofia ya kuzuia mvua tu. Mwenye pesa mjini ana kiyoyozi ukutani. Kikichakaa anaita fundi, wanapiga hesabu: kitengenezwe au kinunuliwe kipya? Sisi huku kiyoyozi chetu ni nyasi. Kati ya unyasi na unyasi kuna hewa iliyokwama, na hewa iliyokwama haipitishi joto upesi. Jua la mchana linaishia juu, ndani unakaa kwenye baridi nzuri. Usiku joto la ndani nalo halitoki haraka. Kwa hiyo paa moja linapoza na linatia joto, halili umeme, halidai vocha ya LUKU. Ukilitoa umeng'oa mtambo mzima. Sasa niambie, mahali pake umeweka nini?

Umeweka bati, tena mara nyingi geji 32, lisilo na dari, juu ya kuta fupi zilezile zilizojengwa kwa ajili ya nyasi. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana linaweza kufika nyuzi joto 60 na zaidi. Likiwa jipya linang'aa na kurudisha mwanga, lakini hata hilo likishapata joto linachelewa kuliachia. Likishika kutu linabeba jua lote. Joto hilo linashuka moja kwa moja kichwani kwako, kwa watoto, na kwenye kila ulichohifadhi. Ziwa letu liko mita 470 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, hakuna mtu wa Lundo anayehitaji kuongezewa joto.

Ndiyo maana jioni za miezi hiyo unaona familia nzima nje, imekaa chini ya mwembe mpaka saa nne usiku huku nyumba mpya ya bati ikiwa tupu. Wanasubiri nyumba ipoe. Mbu hawasubiri. Chandarua kimefungwa ndani, watu wako nje.

Suala la pili linahusu kazi yangu moja kwa moja: mbegu. Ipo kanuni ya kukadiria inayofundishwa kwa wanaotunza mbegu. Kila nyuzi 5 za joto zinapoongezeka ghalani, muda wa mbegu kubaki hai unapungua kwa nusu hivi, na unyevu ukiwa juu hali ni mbaya zaidi. Mbegu ambayo ingekaa vizuri miezi 12 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 30 ikadirie miezi 6, kwenye 35 miezi 3. Umevuna mahindi yako mazuri, umechagua mbegu, umeiweka juu ya boriti chini ya bati kuanzia Julai. Desemba unapanda, shamba linaota mabaka mabaka. Unamlaumu wakala wa mbegu, unamlaumu ndege, unakuja kunilaumu mimi. Paa hulitaji.

Mwenye duka naye asikilize. Dawa za mifugo, mbegu za pakiti, viuatilifu, hata mafuta ya kula, vyote maelezo yake kwenye pakiti yanasema vitunzwe mahali pakavu pasipo na joto kali. Kibanda cha bati chenye mlango mmoja na dirisha la kuuzia si mahali hapo. Mkulima ananunua kwako pakiti ambayo tarehe yake bado nzuri lakini mbegu ndani zimeshaungua. Huo ni mzigo wako, hata kama hukukusudia.

Kwa ndugu zetu wa Umatengo tatizo linageuka. Kule juu, kwenye vijiji vinavyovuka mita 1,500, Juni na Julai baridi inauma. Bati halijui kutunza joto: jua likizama linapoa mara moja, na alfajiri unakuta matone ya maji yananing'inia upande wa ndani. Zamani moto wa mafiga ulipashia nyumba nzima na moshi ukapenya taratibu kwenye nyasi. Moshi huo huo uliwafukuza wadudu, nyasi zikadumu. Weka bati, ziba upenyo wote wa juu ya ukuta kama mafundi wanavyopenda, halafu ndani ni baridi kuliko zamani. Watu wanafanya nini? Wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango, wanalala.

Hapa siandiki kwa kuzunguka. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikuamshi. Familia zimekutwa zimekufa asubuhi kwa namna hii katika nchi yetu, na kila mwaka wa baridi kali habari zinarudi. Aliyeshauri bati na kuziba matundu bila kuuliza watu hao watapata wapi joto, ametoa nusu ya ushauri. Hata Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, unazungumzia kupika. Kuota moto hakuna aliyekuhesabia. Jihesabie mwenyewe.

Nani basi anatusukuma? Aibu, kwa sehemu kubwa. Kijana aliyeko Songea au Dar akija likizo anaona haya kupiga picha mbele ya nyumba ya babu yake. Kwenye mikutano tunasema "nyumba bora" na kila mtu anaelewa "bati". Tangu lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ikamilike hadi Mbamba Bay, mzigo wa bati unashuka kirahisi. Hilo ni jambo jema, lakini urahisi wa kufika dukani haukufanyi uwe na uhitaji. Na ugonjwa huu si mpya. Mwalimu Nyerere mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba Watanzania wamekuwa watumwa wa saruji na bati, hawataki kusikia tofali la kuchoma na kigae. Karibu miaka 50 imepita. Kigae bado tunakiona cha misheni, ingawa udongo tunao.

Anayenipinga ana hoja zake, nami sizifichi. Nyasi zinashika moto, na nyumba ikishika huokoi hata godoro. Nyasi nzuri zimekuwa za kutafuta: mapori yamelimwa, mengine yanachomwa kila mwaka, na anayezikata sasa anataka alipwe. Panya na nyoka wanazipenda. Bati linakupa maji safi ya mvua ukiweka mchirizi na pipa, na hilo kwa mama anayepanda mlima na ndoo ni jambo kubwa. Sibishi hata moja. Nabishana na kununua bati peke yake ukidhani umenunua nyumba.

Kwa hiyo kabla ya uamuzi, panda ngazi ukague. Ingiza mkono au kijiti kwenye nyasi. Ikiwa kilichooza ni tabaka la juu la vidole viwili vitatu na chini yake bado kukavu na kugumu, paa hilo halijafa. Linahitaji kuondolewa uozo na kuongezewa nyasi juu. Ingia ndani mchana, funga mlango, angalia juu: vitundu vichache vya mwanga ni vya kuziba. Kisha gusa miti. Hapo ndipo penye hukumu. Fito na boriti zikiwa zimeliwa na mchwa au zinapondeka ukizibonyeza kwa kisu, hata nyasi mpya ni kupoteza nguvu, na hapo ndipo mazungumzo ya bati yanaanza kuwa na maana.

Yakianza, hesabu yote. Nimeona watu wakihesabu idadi ya bati na kufunga daftari. Kuna mbao za kenchi na papi, misumari, kofia, fundi, usafiri. Kuna kozi mbili tatu za tofali za kunyanyua ukuta ili paa liwe mbali na kichwa. Kuna matundu ya hewa kwenye pembetatu ya ukuta, upande huu na ule, yenye wavu. Na kuna dari. Dari si lazima liwe jipsam ya mjini. Mikeka au matete yaliyofungwa vizuri yanatosha, mradi hewa ya juu yake ipate pa kutokea. Kazi ya nyasi inafanywa na hiyo hewa. Ukimaliza kuhesabu na pesa inatosha kila kitu, nenda kanunue, nami nitakupongeza. Ukiona inatosha bati na misumari tu, pesa yako haijatosha. Iache ikue.

Usiikuze kwa kuuza chakula. Hili linanikera kuliko yote. Mtu anauza magunia ya mahindi Julai wakati bei iko chini, ananunua bati, halafu Januari anakopa VICOBA kununua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Anakula mkopo chini ya paa linalowaka.

Dukani, usinunue kwa geji peke yake. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hivyo geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Lakini namba iliyochapwa na unene halisi wakati mwingine haviendani, kwa hiyo uliza milimita na omba lipimwe mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Rangi nayo ina maana: nyeupe au ya kung'aa inarudisha jua, nyekundu iliyokolea na kijani vinalibeba. Mwenye bati la zamani lililoanza kutu, sugua, piga rangi ya msingi kisha rangi nyeupe ya mafuta. Chokaa inasafishwa na mvua ya kwanza, tena si rafiki wa bati.

Ukiwa na bati chache tu ulizopewa au ulizobakiza, usiziweke chumbani. Ziweke jikoni. Moto uko huko, hatari ya kuungua iko huko, hakuna anayelala huko, na maji ya mvua yanaweza kukingwa huko. Acha upenyo mpana juu ya ukuta moshi utoke. Nyumba ya kulala ibaki na nyasi mpaka daftari likubali.

Na kwa wanaobaki na nyasi mwaka huu, muda ni sasa. Katani zikiwa zimekomaa na kukauka, kabla moto wa porini haujazifikia. Ukisubiri Septemba utakuta majivu. Zikung'uteni mbegu na majani laini, maana hayo ndiyo yanayooza kwanza. Fungeni mafungu, yasimamisheni mahali penye kivuli na hewa, yasilale chini kwenye mchwa. Kuezeka kunaanzia chini kwenye ukingo kwenda juu, kila safu ikifunika mafungio ya safu iliyo chini yake. Mteremko uwe mkali, kama digrii 45, maji yakimbie yasikae. Paa lililolazwa kwa kuogopa gharama ya miti ndilo linaloozea miaka miwili na kuwapa watu sababu ya kusema nyasi hazifai. Sehemu ya juu kabisa ifungeni mara mbili, kwa sababu upepo wa kusi unaotoka ziwani unaanzia hapo kufumua.

Mwenye mashaka kuhusu boriti zake anipigie siku za wiki, nikipita kijijini kwake tutapanda ngazi pamoja. Aje na kisu.