Mapande ya Watu Mstari wa Mbele
Anayetaka kujua ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani hujengwa wapi asimkodolee macho mrusha mpira; awatazame mapande ya watu waliojipanga mbele kwenye ulinzi. Georgia ilipoifunga Alabama 33-18 kwenye fainali ya ubingwa huo Januari 2022, katikati alisimama Jordan Davis, mwenye kilo zaidi ya 150, ambaye wiki chache baadaye alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Yeye, Travon Walker na Devonte Wyatt walichaguliwa wote raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa, mwaka huohuo, Walker akiwa wa kwanza kabisa. Lakini walitoka wapi? Walker alipewa nyota tano na wanaopima vipaji tangu sekondari, Davis alipewa tatu tu, na Wyatt alipitia chuo kidogo cha Hutchinson, Kansas. Ndiyo maana kocha makini haridhiki na kuhesabu nyota. Miili ya namna ile ni adimu, na yenye miguu myepesi ni adimu zaidi, kwa hiyo kocha huyo humfuata kijana angali mbichi, akapima hatua zake hata kwenye uwanja wa kikapu, kisha akamlea msimu baada ya msimu. Nahofia subira hiyo itapotea. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na kulipwa kwa jina lake. Malipo nayaunga mkono, tena yamechelewa mno. Kinachoniuma ni makocha wanaokimbilia walioiva kwingine, huku kijana wa nyota tatu akikosa hata wa kumpigia simu.